Cheti Hakitoki Jasho

Lodwar ukitaka kukimbia, unaamka kabla ya jua. Hakuna kocha aliyebuni hiyo, ni akili ya kawaida ya watu wa pale. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi utawaona kando ya barabara ya Kakuma. Wengine wanapanda kilima chenye sanamu ya Kristo aliyenyoosha mikono, kama ile ya Rio. Wengine wako uwanjani wanarukaruka kwa kufuata filimbi ya msee mmoja mwenye trakisuti na saa ya mkononi. Kufika saa tatu, jua limeshakuwa bosi. Mchana, nyuzi 35 za joto si habari, ni Jumanne tu.

Insha hii ni kuhusu huyo mwenye filimbi. Alifunzwa na nani? Alifunzwa nini? Na tangu siku aliyofunzwa, amejifunza nini kipya?

Najua linasikika kama swali la afisa wa wizara aliyekuja na fomu. Lakini ukiangalia historia ya watu waliokufa wakifanya mazoezi, na waliokaribia kufa, utaona jambo moja linajirudia. Mara nyingi kulikuwa na mtu wa kuwasaidia pale pale, tena mwenye nia njema. Shida ni kwamba alichojua kilikuwa kimepitwa na wakati.

Niseme mapema: niliacha chuo mwaka wa pili na sina cheti cha kuning'iniza ukutani. Kwa hiyo sikuja hapa kuwacheka makocha wasio na vyeti. Nimekuja kusema kwamba hata wenye vyeti wana deni.

Vancouver, 1954

Chama cha riadha cha Kenya kilianzishwa mwaka 1951. Miaka mitatu baadaye, Kenya ikapeleka wanariadha kwenye michezo ya Dola ya Uingereza kule Vancouver, Kanada. Nyandika Maiyoro, kijana kutoka Kisii, akamaliza wa nne katika mbio za maili 3. Wazungu wakaanza kuuliza huyu ametoka wapi.

Wakati huo huo, upande wetu wa ramani, Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa wamefungwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, kwenye barabara inayoelekea Todonyang. Serikali ya kikoloni ilichagua mahali hapo kwa sababu mbili: ni mbali na ni moto. Umbali na joto vilikuwa sehemu ya kifungo. Kumbuka hivyo viwili, tutavihitaji mwishoni.

Katika michezo hiyo ya Vancouver, tarehe 7 Agosti, Mwingereza Jim Peters aliingia uwanjani akiongoza marathoni kwa takriban dakika 17. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na muda bora kuliko wake. Siku ilikuwa ya joto kali. Alipoingia, miguu ikakataa. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akatambaa. Alitumia dakika 11 kusogea kama mita 200, na watu maelfu wakimtazama. Mwishowe mchuaji wa timu yake akamdaka kwenye mstari ambao haukuwa mstari wa kumalizia marathoni. Peters hakumaliza, na hakushindana tena maishani. Wanaume 16 walianza mbio zile, 6 tu wakamaliza.

Enzi hizo wakimbiaji wengi wa marathoni waliamini kwamba kunywa maji njiani ni udhaifu. Imani hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Kwenye Olimpiki ya 1904 kule St. Louis, Marekani, mwandalizi James Sullivan aliweka maji sehemu chache mno za njia, kwa makusudi, manake alitaka kuona mwili unafanyaje ukikosa maji. Njia ilikuwa ya vumbi na jua kali. Walianza 32, wakamaliza 14. Wawili kati ya hao 14 walikuwa Watswana kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki. Yaani siku ya kwanza ya Mwafrika mweusi kwenye Olimpiki ilikuwa pia siku ya majaribio ya kiu.

Mwaka ule ule wa 1954, madaktari na walimu wa michezo huko Marekani waliunda chama ambacho leo kinaitwa American College of Sports Medicine. Wazo lao lilikuwa kwamba anayewaambia watu wakimbie anapaswa kujua kinachotokea ndani ya mwili unaokimbia. Mwaka 1975 chama hicho kikaanza kutoa vyeti, na vyama vingine vikafuata. Leo, kwenye mashirika mengi ya aina hiyo, cheti cha mkufunzi wa mazoezi kina tarehe ya kuisha, kwa kawaida baada ya miaka 2 au 3. Ukitaka kiendelee kuwa hai, unaonyesha masomo mapya uliyoyafanya, na kwamba bado unajua kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama.

Mbona kiishe? Mbona cheti cha kocha kisiwe kama cheti cha kuzaliwa? Jibu liko kwenye hadithi ya maji, lakini kwanza tuone sisi wenyewe tulijifunzaje.

Mwalimu wa jiografia

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimteua Archie Evans kuwa afisa wa michezo wa koloni zima. Baadaye akaja John Velzian, Mwingereza aliyefunza walimu wa michezo, na ambaye miaka mingi baadaye aliongoza kituo cha shirikisho la riadha duniani cha kufunza makocha, hapa Nairobi. Mafunzo rasmi yalikuwepo, basi. Ila yalikaa mjini na kwenye vyuo. Huku nje, watu walijifunza kwa kutazama.

Mfano mkubwa ni Bruda Colm O'Connell. Alifika shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976 kutoka Ireland. Alikuja kufundisha jiografia. Hakuwa na mafunzo yoyote ya ukocha wa riadha. Alikaa, akatazama vijana wakikimbia, akauliza, akarekebisha. Mwaka 1988 mwanafunzi wake Peter Rono akashinda dhahabu ya mita 1,500 kule Seoul. Mwaka 2012 mwanafunzi wake mwingine, David Rudisha, akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kule London, rekodi ya dunia.

Watu hupenda kuitumia hadithi hii kusema kwamba vyeti ni makaratasi tu. Mimi naisoma tofauti. Mtu huyu alikaa mwanafunzi kwa miongo kadhaa. Hakuwahi kufika siku ya kusema, sasa najua. Makocha wangapi wenye vyeti wanaweza kudai hivyo?

Seoul ile ile, mwaka ule ule, Mturkana alichukua dhahabu. Paul Ereng alikuwa mkimbiaji wa mita 400, akabadilisha na kuanza mita 800 mwaka huo huo wa 1988, na mwezi Septemba akawa bingwa wa Olimpiki. Baadaye naye akawa kocha, katika chuo kikuu cha Texas kule El Paso. Kwa hiyo Mturkana kushika filimbi si jambo geni. Geni ni filimbi hiyo kusikika Turkana.

Halafu kuna Kipchoge Keino. Kila Mkenya anaijua hadithi ya Mexico 1968: nyongo inamuuma, madaktari wanamwonya asikimbie, kwenye mita 10,000 anaanguka kwa maumivu, na bado anarudi na kushinda dhahabu ya mita 1,500. Hakuna atakayetunyang'anya ushujaa huo. Lakini hebu tuangalie tulichojifunza kutoka kwake. Tulijifunza kwamba bingwa ni yule anayempuuza daktari. Hadithi hiyo imesimuliwa kwenye viwanja vya shule nchi nzima kwa zaidi ya miaka 50, kwa watoto ambao si Keino. Kocha anapomwambia kijana aliyeshika kifua "kaza, acha uvivu," Mexico iko nyuma ya sauti yake.

Maji

Sasa maji. Baada ya akina Peters, sayansi iligeuka. Utafiti ulionyesha kwamba mwili uliokauka unapata joto haraka, na makocha wakaanza kuwaambia watu wanywe. Kufika mwaka 1996, mwongozo wa kile chama cha Marekani ulikuwa ukiwaambia wanamichezo wanywe maji kiasi cha kufidia jasho lote, au kadiri tumbo linavyoweza kuhimili. Kampuni za vinywaji zilifurahi sana, bila shaka. Makocha wa kizazi hicho wote walifunzwa hivyo na wakapata vyeti kwa kujibu hivyo.

Kumbe tangu mwaka 1981, kwenye mbio ndefu za Comrades kule Afrika Kusini, daktari Tim Noakes alikuwa ameanza kuona kitu kingine: mkimbiaji aliyezimia kwa sababu ya maji mengi kupita kiasi. Maji yakizidi, chumvi ya damu inapungua, na ubongo unavimba. Aliliandika mwaka 1985. Wengi hawakusikiliza.

Mwaka 2002, kwenye marathoni ya Boston, Cynthia Lucero, mwenye miaka 28, alianguka na kufa kwa tatizo hilo. Watafiti walikuwa wamepima damu ya wakimbiaji 488 wa mbio hizo hizo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005: asilimia 13 walikuwa na chumvi iliyoshuka. Mwaka 2007 mwongozo ukabadilishwa. Leo ushauri wa wataalamu wengi kwa mtu wa kawaida ni rahisi: kunywa ukisikia kiu, usijilazimishe.

Hapa ndipo hatari inapojificha. Mtu aliyezidiwa na maji ana kichefuchefu, kichwa kinamuuma, amechanganyikiwa. Aliyezidiwa na joto naye ana kichefuchefu, kichwa kinamuuma, amechanganyikiwa. Kocha aliyefunzwa mwaka 1998, mwenye cheti kizuri cha fremu, atamkimbilia yule wa kwanza na chupa nyingine ya maji. Kwa roho safi kabisa atamwongezea ugonjwa.

Kwa hiyo kocha wa mwaka 1904 alikosea kwa kunyima maji, na kocha wa mwaka 1996 alikosea kwa kuyalazimisha. Wote wawili walifuata maarifa ya wakati wao. Ndiyo sababu cheti kinapaswa kuisha. Cheti ni picha ya siku moja. Hakitoki jasho, hakizeeki, hakijui kwamba dunia imebadilika.

Turkana tuna sura yetu ya hadithi hii. Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa pamoja na Waturkana wenyewe. Ulionyesha kwamba jeni moja, STC1, inayohusika na jinsi figo zinavyohifadhi maji, imechongwa na vizazi vingi vya kuishi mahali ambapo ng'akipi, yaani maji, ni kitu cha kutafutwa mbali. Ni habari ya kujivunia. Ila naogopa itakavyotumiwa. Nawasikia kabisa watakaosema, "Mturkana hahitaji maji, mwache akimbie saa saba." Jeni inayosaidia figo si mwavuli. Joto la mwili likipita nyuzi 40 na akili ikavurugika, ubongo hauulizi kabila. Halafu Kakuma si ya Waturkana pekee. Pale kuna watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia, na wengine walifika juzi.

Turubai

Miaka ya 1950 jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa likipoteza makurutu kwa joto kwenye kambi ya Parris Island. Wanasayansi wakatengeneza kipimo kinachochanganya joto la hewa, unyevu, upepo na ukali wa jua, halafu kambi ikapandisha bendera za rangi kuonyesha kama mazoezi yaendelee au yasimame. Kipimo hicho bado kinatumika kwenye riadha na soka. Ndicho kinachofanya mechi isimamishwe wachezaji wanywe maji.

Lakini hata mabingwa hukutana na siku mbaya. Mwaka 2019 kule Doha, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa karibu saa sita usiku ili kukwepa joto, na bado wanawake 28 kati ya 68 hawakumaliza. Mkenya Ruth Chepngetich ndiye aliyeshinda. Olimpiki ya Tokyo ikajifunza hapo, ikahamisha marathoni hadi Sapporo.

Sasa sikia habari njema. Kuna mbio za barabarani zinazofanyika kila Agosti huko Falmouth, jimbo la Massachusetts. Kwa miaka 18 iliyochunguzwa, watu 274 walipata kiharusi cha joto kwenye mbio hizo, ile hali ya mwili kuchemka mpaka akili inapotea. Walionusurika ni wote 274. Siri yao ni beseni kubwa la maji ya barafu kando ya mstari wa kumalizia, na watu waliofunzwa kumwingiza mgonjwa humo mara moja. Kanuni yao: poza kwanza, safirisha baadaye. Joto lishuke ndani ya dakika 30.

Makocha wengi wamefunzwa kinyume. Mtu akianguka, tafuta gari. Mweke kwenye pikipiki, mshike katikati, kimbia hospitali. Wamefunzwa pia kwamba aliyepigwa na joto huwa amekauka jasho. Kwa mtu aliyekuwa akifanya mazoezi, si lazima. Anaweza kuwa ameloa chapachapa na bado yuko hatarini. Cha kuangalia ni akili yake: anaongea mambo yasiyoeleweka, anapepesuka, amekuwa mkali bila sababu, hajui alipo.

Utasema, barafu ya Falmouth tutaitoa wapi Kakuma? Hapa ndipo nilipofurahi niliposoma. Watafiti wamejaribu njia nyingine: mtu analazwa kwenye turubai, watu wanashika pembe na kuziinua liwe kama mtumbwi, maji yanamwagwa, turubai linatikiswa taratibu huku kichwa kikiwa juu ya maji. Inafanya kazi. Tena utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hata maji ya nyuzi 26 yanapoza mwili karibu sawa na ya baridi kali, mradi yauzunguke mwili.

Turubai! Kakuma ni mji uliojengwa kwa turubai tangu mwaka 1992. Turubai moja, mitungi kadhaa ya lita 20, watu sita wenye mikono, na mmoja anayejua la kufanya. Vyote vipo. Kinachohitaji kuongezwa ni huyo mmoja.

Dakika 78

Tuwaongelee mashabiki wa soka kidogo. Tarehe 26 Juni 2003, kwenye nusu fainali kati ya Kameruni na Kolombia mjini Lyon, Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja dakika ya 72, hakuna aliyemgusa. Alikufa, akiwa na miaka 28. Tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka vivyo hivyo London akichezea Bolton. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Leo yuko hai. Walimkandamiza kifua bila kuacha, wakatumia mashine ya kushtua moyo, na daktari wa moyo aliyekuwa shabiki tu alitoka kwenye viti akaingia uwanjani kusaidia.

Kukandamiza kifua kwa mikono kulielezwa na madaktari wa Baltimore mwaka 1960. Kwa miaka mingi watu walifunzwa mpangilio huu: fungua njia ya hewa, mpe pumzi, halafu kandamiza kifua. Mwaka 2010 mpangilio ukageuzwa: kifua kwanza. Ilionekana kwamba watu walipoteza dakika za thamani wakihangaika na mdomo wakati damu imesimama. Tena asiye na mafunzo ya kutoa pumzi anaambiwa aache pumzi kabisa, akandamize tu katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Kocha aliyejifunza huduma ya kwanza mwaka 2006 na hakurudi tena, anabeba kichwani mpangilio wa zamani. Si mjinga. Hajaambiwa tu.

Walikimbia bila viatu

Mwaka 2015 taasisi ya Tegla Loroupe, bingwa wa zamani wa marathoni ya New York, iliandaa mbio za mchujo kambini Kakuma. Rose Nathike alikimbia kilomita 10 bila viatu, akamaliza wa pili. Waliochaguliwa wakapelekwa Ngong, kwenye kambi ya mazoezi yenye makocha na viatu. Mwaka uliofuata, watano kutoka Kakuma wakawa nusu ya timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki: Rose, Anjelina Nadai Lohalith, Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek na Paulo Amotun Lokoro. Rose ndiye aliyebeba bendera Rio.

Dunia ililia kwa furaha, na mimi pia nilijivunia. Lakini Biel alieleza waziwazi kwamba kambini hapakuwa na jimu, na kwamba jua lilikuwa kali toka asubuhi mpaka jioni. Chiengjiek alieleza jinsi kukosa viatu vya kufaa kulivyowaletea majeraha. Tulisikia ushujaa, tukaruka malalamiko. Ni Mexico 1968 tena.

Na ukitaka kuwa mkweli, suluhisho lilikuwa kuwatoa watano wale Kakuma. Maarifa hayakuhamia Kakuma, vipaji ndivyo vilivyohamishwa. Kijana wa sita, wa saba, wa mia mbili, alibaki na jua lake na kocha wa kujitolea ambaye naye alijifunza kwa kutazama.

Jimu zimefika mjini

Tusidhani hili ni la wanariadha tu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi mwingine kuhusu Waturkana: waliohamia miji wana hali mbaya zaidi ya presha, sukari na mafuta mwilini kuliko wanaofuga. Kwa hiyo mtu wa Lodwar anapoambiwa na daktari apunguze mwili, anaambiwa ukweli. Anaingia jimu. Na treina wa jimu anakutana na mtu wa miaka 45 mwenye presha ambayo pengine haijawahi kupimwa.

Kuna karatasi ya zamani kwa ajili ya mtu huyo. Ilitengenezwa miaka ya 1970 huko British Columbia, jimbo lile lile la Vancouver ambako Peters alitambaa. Ina maswali 7 ya ndiyo au hapana: umewahi kuambiwa una tatizo la moyo? Unasikia maumivu ya kifua ukijishughulisha? Unapata kizunguzungu? Hailipiwi. Kuuliza kunachukua dakika mbili.

Halafu kuna ile siku ya kwanza. Januari 2011, wachezaji 13 wa chuo kikuu cha Iowa walilazwa hospitali baada ya mazoezi mazito ya kuchuchumaa na vyuma waliporudi likizoni. Misuli yao ilikuwa imevunjika na kumwaga uchafu kwenye damu, mzigo unaoweza kuzishinda figo. Tatizo hilo la figo madaktari walilieleza mwaka 1941 kwa watu waliofukuliwa chini ya vifusi vya mabomu London. Yaani treina anaweza kukufanyia kwa squat kile ambacho jengo lilimfanyia mtu vitani. Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi, hiyo si "pain is gain." Hiyo ni hospitali, leo.

Todonyang

Sasa twende mwisho wa barabara. Todonyang iko pwani ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Turkana, mpakani na Ethiopia. Wakenya wengi hulisikia jina hilo kwenye habari za mashambulizi dhidi ya wavuvi, halafu linasahaulika mpaka mkasa mwingine. Lakini vijana wa Todonyang, kama wa kwingine kokote, wanapiga mpira, na mpira ukichezwa kuna mtu anapiga filimbi.

Miongozo mingi ya usalama wa mazoezi imeandikwa na watu wanaoishi karibu na ambulensi. "Piga simu, msaada unakuja." Todonyang, hospitali ya Lokitaung ni safari, na ya rufaa iko Lodwar, safari ndefu zaidi. Kile ambacho wakoloni walikiona, umbali na joto, bado kipo. Mjini, kocha asiyejua anaweza kuokolewa na ambulensi. Todonyang hakuna wa kumwokoa kocha asiyejua. Mikono yake ndiyo hospitali ya dakika 30 za kwanza. Kwa hiyo maarifa mapya yana thamani kubwa zaidi pale pale yanapochelewa kufika.

Je, yanaweza kufika? Kenya ina Sheria ya Michezo ya 2013, ina Kenya Academy of Sports. Lakini mfano ninaoupenda hautoki kwenye michezo. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, ikawapa mikoba ya vifaa. Wengi ni majirani zetu tu. Wazo ni kwamba mtu wa kijijini, akifunzwa, akipewa vifaa na akifuatiliwa, anaweza kushika maisha ya watu. Sioni kwa nini kocha wa kujitolea asiingizwe humo. Siku moja kila mwaka: kifua, joto, maji, maswali 7, mkojo wa rangi ya chai. Turubai moja na mitungi kadhaa. Somo hilo litolewe kwa Kiswahili na Kiturkana, na asiulizwe alifika kidato cha ngapi.

Na wewe unayesoma hii ukiwa Nairobi, Mombasa au Dar, ukisubiri mashine ifunguke jimu, usidhani inahusu watu wa mbali. Kesho mwulize treina wako mambo matatu. Nikianguka hapa, utafanya nini dakika ya kwanza? Mara ya mwisho umejifunza kufanya hivyo ni mwaka gani? Na kuna kitu gani ulichofunzwa zamani ambacho umeshakiacha?

Akikuonyesha cheti, kiangalie, mpe heko. Kisha subiri jibu la swali la tatu.